Mshipa wa paja: neno moja, viungo vitatu

Mshipa (wingi: mishipa) ni neno ambalo Kiswahili hulitumia kwa upana mkubwa. Hutaja njia ya damu, hutaja uzi wa fahamu, na wakati mwingine hutaja hata ukano unaoshikiza msuli kwenye mfupa. Kusema kwamba mtu “ana mshipa” huweza pia kumaanisha kuwa ana ngiri. Katika mazungumzo ya kawaida upana huu haudhuru. Hudhuru pale mtu anapoumia nyonga au paja, kwani hapo njia za damu na nyuzi za fahamu hupita bega kwa bega.

Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita waonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 wengine 15 walitolewa hai Nyarugusu, Geita. Kifusi cha duara huweza kumbana mtu kuanzia kiunoni kwenda chini, na habari ya kwanza kumfikia mganga huwa ni maneno matupu: “Amekatika mshipa wa paja.” Mshipa upi?

Sehemu zenyewe. Kiuno ni kati ya mbavu na nyonga. Nyonga ni kiungo ambapo kichwa cha mfupa wa paja huingia katika kikombe cha fupanyonga. Paja hutoka hapo hadi gotini. Hivyo aliyeumia nyonga asisemwe kuwa ameumia kiuno.

Msuli. Ni nyama inayojikunja na kuvuta mfupa. Misuli minne ya mbele ya paja hunyoosha goti. Mitatu ya nyuma hulikunja. Ya upande wa ndani huvuta paja kuelekea la pili. Msuli mkubwa wa tako humwinua aliyechuchumaa. Neno hili pia ni jina la nguo ya kiunoni ya wanaume, muktadha hutenganisha.

Ateri na vena. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Ateri ya paja huingia katikati ya mkunjo unaotenga tumbo na paja, ambapo mapigo yake huhisiwa kwa vidole. Hushuka upande wa mbele na wa ndani, kisha hupenya kwenda nyuma ya goti. Ikikatwa, damu nyekundu ng’aavu huruka kwa kufuata mapigo, na mtu huweza kufa kwa dakika chache asipokandamizwa jeraha kwa nguvu. Damu ya vena huwa nyeusi zaidi, nayo hutiririka bila kuruka.

Neva. Hubeba fahamu na amri za mwendo. Kwenye mkunjo huo, kutoka nje kwenda ndani, mpangilio ni neva, ateri, vena. Neva ya paja ikikatwa, goti halinyooki. Neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, hupita chini ya msuli mkubwa wa tako na kushuka nyuma ya paja. Ndiyo sababu sindano ya takoni huchomwa robo ya juu, upande wa nje.

Matumizi. Kwa damu inayoruka, isemwe “amekatika ateri” au “mshipa wa damu”. Kwa ganzi au mguu usiotii, isemwe “ameumia neva” au “mshipa wa fahamu”. Asiyejua jina aeleze anachokiona: damu yaruka au yatiririka, vidole vyasogea au havisogei.

Aidha, kauli “hajakatika mshipa” isichukuliwe kuwa ni nafuu. Msuli uliobanwa kwa saa nyingi hupondeka, na mzigo unapoondolewa, mabaki yake huingia katika damu na kudhuru moyo na figo. Kwa majeruhi huyo, pamoja na jina la kiungo, itajwe saa aliyobanwa na saa aliyotolewa.