Je, Wajua? Hewa ya Chekechea

Je, wajua kwamba mtoto wa chekechea huvuta hewa nyingi kukuzidi wewe, mkipimwa kilo kwa kilo? Hebu tulia uhesabu pumzi zako: 12 hadi 20 kwa dakika. Za mtoto wa miaka mitatu hufika 30!

Na kifua chenyewe bado kinajengwa. Mtoto huzaliwa na vifuko vya hewa kama milioni 50 mapafuni, ilhali wewe unavyo zaidi ya milioni 300. Vingi huota katika miaka ya kwanza ya utoto.

Sasa ng'oa unywele mmoja uutazame. Chembe za moshi zenye upana wa maikromita 2.5 zingeenea 20 ubavu kwa ubavu kwenye unene wake! Zilizo ndogo zaidi ya hapo hupita mapafuni hadi kwenye damu.

Wajua ni watoto wangapi duniani wanaopumua chembe hizo kupita kiwango? Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilitaja 93 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 15. Na wakati huo kikomo cha mwaka kilikuwa maikrogramu 10 kwa mita ya ujazo. Tangu 2021 ni 5 tu!

Njoo Nairobi, kwenye mitaa ya mabanda. Darasa ni la mabati, uji unachemka kwenye jiko la makaa mlangoni, taka zinachomwa nyuma ya ukuta. Utasema makaa yakishawiva mekundu moshi umekwisha? Angalia sana: bado yanatoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Jiko hilo lisiingie darasani hata siku ya baridi!

Hapo hapo Nairobi, karibu na jalala la Dandora, watoto na vijana 328 walipimwa katika utafiti wa Umoja wa Mataifa uliotolewa 2007. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi mengi mno katika damu. Nusu nzima!

Lakini sikia na hili la Guatemala. Familia za vijijini zilizopikia mafiga zilijengewa majiko yenye bomba la kutoa moshi nje. Moshi uliowafikia watoto wachanga ulipungua nusu, na nimonia kali ikashuka kwa karibu theluthi. Kwa bomba tu!