Pamba Mei, malaria Machi

Daftari la mihtasari ya kamati yetu nalitunza mimi, kwenye sanduku la nguo, maana mchwa walishaanza kulila pembeni. Mimi ni mkulima wa pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, na mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati. Watu wakinikuta mnadani hunibana: "Mzee, serikali si inaleta hela? Mbona naambiwa nikanunue dawa dukani?"

Wana haki ya kuuliza. Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao wafadhili huuchangia, zilishikwa na halmashauri. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Mganga mfawidhi anaandaa mpango, kamati tunaujadili. Kikao kimoja tulibishana mpaka jua likazama: tukarabati nyumba ya mganga, au tununue tenki la maji? Mama mmoja mjumbe akasimama. "Nyie wanaume hamjawahi kwenda kujifungua na ndoo ya maji kichwani." Tukanunua tenki.

Ila hela hiyo si ya kila kitu. Mishahara inatoka Hazina. Dawa tunaagiza Bohari ya Dawa. Bohari ikikosa, tunaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, na hapo ndipo tunapohitaji akiba. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza wanatibiwa bure kwa sera ya nchi. Ni sawa kabisa, nami nitaitetea siku zote. Lakini sindano ya bure nayo imenunuliwa, na hao ndio wengi kwenye benchi letu. Fedha za serikali zikichelewa, kabati linabaki na pamba na spiriti.

Kinachobaki ni CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, iliyoanza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Soko la pamba likifunguliwa Mei, pesa ipo, na hakuna anayeumwa, basi bima haikumbukwi. Machi mvua imekolea, mtoto wa darasa la pili anatetemeka kwa homa, na baba hana hata mia tano. Nimemwona akiuza jogoo mlangoni pa zahanati.

Ndiyo maana nimeomba msimu huu afisa mwandikishaji wa CHF akae na simu yake pale pale kwenye mizani ya AMCOS, chama chetu cha ushirika. Kiti nitatoka nacho nyumbani.