Deni likikubana, utamwamini nani?



Tangu banki zilipofunga milango Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, jamaa nyingi zilijikuta katika shida mbili kwa wakati mmoja: akiba haifikiki, lakini deni linaendelea kudaiwa. Ndipo anapotokea mtu na kusema: “Nitakusaidia kumaliza deni lako lote.” Kabla ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake, tumpime.

Biblia inatupa kipimo. Katika 2 Wafalme sura ya 4, mjane alikuwa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo tu. Kwa mafuta hayo Mungu alimpa njia ya kulipa deni, na yaliyobaki yakamtunza pamoja na watoto wake. Mdai alitafuta cha kuchukua. Msaidizi wa kweli alitafuta kile mama anacho, ili asimame tena.

Kwa hiyo, uliza maswali manne.

Kwanza: anaomba pesa mbele? Anayetaka umtumie pesa ya dosye kwa simu kabla hajafanya kazi yoyote, mwache. Mara nyingi, akiisha kupokea, namba yake haipatikani tena.

Pili: faida ni ngapi kwa mwezi, na imeandikwa? Wengi wanaojiita wasaidizi ni banki Lambert tu. Wanalipa deni la zamani na kukufunga kwa deni jipya. Chukua dola 100 kwa faida ya 30 kwa mia kila mwezi. Ukilipa faida peke yake miezi mitatu, umetoa dola 90, na zile 100 bado zinakungoja.

Tatu: anataka kushika nini? Usimwachie karata ya uchaguzi wala karata ya banki inayopokea mshahara wako. Na usitie sahihi karatasi ya kuuza parseli eti ni rehani tu. Siku ukichelewa, karatasi hiyo itasema uliuza.

Nne: nani anamsimamia? Sheria inataka kila shirika la mikopo midogo liwe na ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo. Omba kuona ruhusa hiyo. Kuimba katika kwaya, au kuandika jina la Yesu juu ya mlango wa ofisi, si ruhusa.

Lakini mtu wa kwanza wa kuendea ni yule anayekudai. Usimkimbie. Mweleze hali yako, umwombe kugawa deni katika sehemu ndogo unazoweza kulipa kweli, na mwandike mapatano mbele ya mashahidi. Mzee wa kanisa anaweza kukusindikiza. Mume na bibi wajue deni pamoja, kwa sababu deni la siri hukua haraka.

Kama uko katika AVEC, sema ukweli kwa wenzako. Pesa ya sanduku ni jasho la wanachama wote, nao wana haki ya kujua kwamba mkopo unaouomba ni wa kulipa deni lingine. Pale ambapo kuna kasha la mshikamano, uliza kama shida yako inaingia humo.

Neno la mwisho ni kwetu wachungaji na wazee. Katika Nehemia sura ya 5, waliowabana maskini na kushika mashamba yao hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zao. Nehemia aliwaita mbele ya mkutano na kuwataka warudishe. Basi, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kutangaza mikopo yake mbele ya waamini, sisi ndio wa kwanza kumuuliza maswali haya manne. Mkristo akipoteza parseli kwa sababu ya tangazo lililotolewa kanisani, kanisa haliwezi kusema halikuhusika.