Wageni wa kaskazi katika matope ya Kilindini na Mida

Ulaya na Asia ya juu zikiingia katika baridi kali, sisi wa pwani huingia katika kaskazi. Kule maziwa huganda na theluji hufunika mashamba. Huku jasho hututoka hata kivulini. Ni majira hayo hayo, Desemba hadi Machi, ila yana nyuso mbili. Kwa watu wa kule wapendao kutazama ndege, baridi ndiyo msimu wa kwenda bandarini na kwenye vinamasi vya pwani, kwa kuwa ndege wa majini hukimbilia penye maji ya chumvi yasiyoganda upesi. Lakini wengi katika ndege hao hawakomei huko. Huendelea na safari mpaka kwetu, na kila abiria wa matatu atokaye Changamwe kwenda mjini Mombasa amewapita mara nyingi bila kuwajua.

Maji yakipwa, tazama chini pale Makupa. Utaona matope meusi, yangeyange mmoja au wawili, na katikati yao ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Huyo ndiye sululu. Jina lake linafanana mno na lile la sururu ya kuchimbia, na wako watu wanaoyatamka sawasawa; ukimwona akichomeka mdomo ule katika shimo la kaa hutauliza kwa nini. Kwenye mawe ya gati na kingo za hori utamwona mwingine mdogo, atembeaye huku mkia ukichezacheza bila kupumzika. Huyo ni kitwitwi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili aliyezaliwa Mombasa. Wote wametoka katika nchi za baridi, na huenda wale unaowaona leo walikuwa Urusi mwezi wa Julai.

Hapo Makupa penyewe pana kisa chake. Kwa muda wa miaka mingi barabara ilipita juu ya tuta lililozuia maji ya hori la Tudor yasichanganyike na yale ya Port Reitz. Kando yake, Kibarani, palikuwa na jaa la takataka za mji mzima mpaka lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 lilijengwa mahali pa tuta hilo ili maji yapite tena. Wengi walilisifu kwa sababu ya magari. Ndege, nadhani, wangelisifu kwa sababu ya matope.

Kwani matope, msomaji, ndiyo habari yenyewe. Sijui ni nani aliyetufundisha kuwa matope ya pwani ni uchafu usio na kazi, mahali pa kutupia takataka au pa kufukia kifusi ili pajengwe ghala. Mara mbili kila siku bahari hupwa na kuyaacha wazi, na ndani yake mna minyoo, kaa wadogo, kamba na konokono wasiohesabika. Majani ya mikoko huanguka, huoza, na kuwalisha wadudu hao. Kila ndege ameumbiwa mdomo wa kufikia daraja yake: mwenye mdomo mfupi huokota juujuu, wa wastani huchokoa kina cha kidole, na sululu hufika chini ambako wengine hawafiki. Ndiyo maana utawaona wa aina kumi wakila pamoja bila ugomvi mkubwa, kila mmoja na sahani yake.

Mahali pazuri zaidi pa kuwaona katika pwani yetu ni hori la Mida, kusini ya Watamu, lililo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Mkono huu wa bahari umezungukwa na mikoko, michu na mikandaa, na maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga na tope. Mpango uitwao ASSETS, ulioanza mwaka 2001, ulijenga hapo daraja jembamba la kuning'inia lipitalo katikati ya mikoko, na mwisho wake kibanda cha kuchungulia ndege. Viingilio vya wageni vilielekezwa kwenye karo za watoto wa shule za jirani. Hivyo wako vijana wa sehemu hizo waliosomeshwa, kwa kiasi fulani, na vitwitwi.

Katika makundi ya Mida yuko kitwitwi mmoja, mdomo wake umepinda kidogo, ambaye kwa uzito halingani hata na mayai mawili ya kuku. Huyu huzaliana katika rasi ya Taimyr, kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Huku kwetu tunamwona amevaa nguo ya kazi, kijivu na nyeupe. Lakini kaa naye mpaka Aprili na utamwona akigeuka rangi, kifua chote kikawa chekundu kama tofali, kwani anavaa kwa ajili ya harusi ya huko aendako. Kabla ya kuondoka hula kwa pupa akajaza mafuta chini ya ngozi, maana hayo ndiyo petroli yake.

Kuna jambo juu ya ndege huyu ambalo kwa maoni yangu linazidi hadithi nyingi za kubuni. Huko Siberia wako panya wa theluji waitwao lemingi, ambao mwaka mmoja hujaa na mwaka mwingine huadimika. Wakijaa, mbweha wa huko hula panya na kushiba. Wakiadimika, mbweha huwageukia makinda wa ndege. Kwa hiyo mtu aliyesimama Mida mwezi wa Novemba, akihesabu ni ndege wangapi wachanga waliofika, anaweza kukisia kama panya walikuwa wengi au wachache Siberia mwezi wa Julai. Matope ya Wagiriama yanatoa habari za Taimyr, na wala hazijatangazwa na redio yoyote.

Mgeni wa pili wa Mida afaa kutajwa peke yake, na tumwite mla kaa, maana kazi yake ndiyo hiyo. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama nyundo ya seremala. Katika jamaa yake yuko peke yake duniani, hana ndugu wa karibu. Yeye hatoki penye theluji. Huzaliana katika visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, na namna yake ya kutaga haipatikani kwa ndege mwingine yeyote wa jamii za ufukweni: huchimba shimo mchangani, refu kupita mita moja, akataga ndani yake yai moja tu jeupe. Mchanga wenye joto humsaidia kuliatamia. Kinda akikua husafiri na wazazi, na hata huku kwetu, ingawa tayari anaruka vizuri, utamwona akimfuata mzazi topeni huku akililia kaa. Mzazi naye humpa. Wenye watoto wakubwa nyumbani wataelewa.

Sasa fikiri juu ya njia yake. Kutoka Ghuba na Oman mpaka Mombasa na Malindi: si ndiyo njia ya majahazi? Mabaharia wa Arabuni walishuka na kaskazi wakileta tende, chumvi na mazulia, wakapandisha na kusi wakibeba boriti za mikoko kutoka Lamu, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti hizo nje mwaka 1982. Mla kaa naye hushuka na kupanda kati ya nchi hizo hizo, ingawa wengine wao hufika mapema, hata kabla pepo hazijageuka. Biashara ile ya majahazi imekwisha karibu yote. Msafiri huyu bado yumo safarini, naye anahitaji kitu kile kile kilichowaleta wale wengine, yaani pwani yenye mikoko.

Mtu atakaye kwenda kuwatazama hahitaji mambo mengi. Darubini ya mkono yatosha kuanzia. Ile kubwa ya kusimama kwa miguu mitatu ni nzuri zaidi, ila bei yake si ya mchezo. Kilicho muhimu ni kujua maji. Ukienda yakiwa yamepwa kabisa, ndege watakuwa wametawanyika mbali, nukta tu katika mvuke wa jua. Fika maji yanapojaa, saa mbili au tatu kabla hayajafika mwisho, na jua liwe mgongoni mwako. Bahari itakuletea ndege yenyewe, hatua kwa hatua, mpaka wabanane katika kipande cha mwisho cha tope. Siku za bamvua hubanana zaidi. Kisha usisogee. Ndege aliyefika jana kutoka Kazakhstan hana nguvu za kupoteza kwa kukimbizwa na mpiga picha.

Si kutazama tu, kuna na kuhesabu. Kila Januari, tangu mwaka 1967, watu wa nchi nyingi hutoka kuhesabu ndege wa majini katika majuma yale yale, ili ijulikane wako wangapi duniani. Kenya iliingia katika kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiongozwa na Makumbusho ya Kitaifa pamoja na wapenda ndege wa kujitolea. Shirika la A Rocha Kenya lenye kituo chake Watamu limekuwa likiwanasa vitwitwi wa Mida kwa nyavu, likiwafunga pete ndogo miguuni na kuwaachilia. Mvuvi au mtoto akiokota ndege aliyekufa mwenye pete, namba ile iliyoandikwa ina thamani kuliko nyama yake.

Na hesabu hizo si njema. Mwaka 2024 kitwitwi yule wa Taimyr alipandishwa daraja katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2025 ilitangazwa rasmi kwamba sululu mwenye mdomo mwembamba, binamu wa huyu wetu wa Makupa, ametoweka duniani. Alizaliana katika nyika za Siberia na kukaa majira ya baridi kandokando ya Bahari ya Kati. Mara ya mwisho kuonekana kwa hakika ilikuwa Moroko mwaka 1995. Aliwindwa, na vinamasi vyake vikakaushwa. Hakuna nchi moja iliyommaliza. Kila moja ilichukua kidogo chake.

Hapa ndipo Kilindini inapoingia. Bandari ni uhai wa Mombasa, na mwandishi huyu hana nia ya kumwambia mpagazi au dereva wa lori kwamba kitwitwi ana haki kumshinda. Lakini tuhesabu. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika katika bandari na mikoko ya Port Reitz ikaathirika. Gati mpya la makasha lililokamilika mwaka 2016 lilijengwa juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Reli mpya ya mwaka 2017 na barabara ya Dongo Kundu zote zimekatiza katika vinamasi vya upande wa Mwache. Kila moja ya kazi hizo ina sababu yake nzuri. Ila ndege hawezi kuhamia tope la jirani, kwa kuwa tope la jirani tayari lina wenyewe, na chakula chake kimepimwa. Samaki na kamba wanaokulia katika mikoko hiyo nao hawawezi, jambo ambalo wavuvi wa Mikindani walilijua kabla ya wataalamu.

Wako watakaosema kuwa kutazama ndege ni starehe ya Wazungu waliostaafu. Hoja hiyo imechakaa. Babu zetu waliwapa ndege hawa majina, shakwe na buabua na sululu na kitwitwi, na mtu hampi jina asiyemtazama. Wavuvi husoma buabua mpaka leo ili wajue samaki walipo. Kilichobadilika ni kwamba watoto wa Mombasa siku hizi wanamjua vizuri ndege mmoja tu, yule kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa kufikia miaka ya 1940. Huyo alikuja kama mgeni, akakataa kuondoka, na sasa hula mayai na makinda ya wenyeji.

Wageni wa kaskazi wana adabu zaidi. Aprili, kusi ikianza kuvuma, huinuka jioni kwa makundi, wakaita mara moja au mbili, wakaelekea kaskazini juu ya mikoko. Hawaendi wote. Wengi wa wale waliozaliwa mwaka uliopita hubaki Mida na Port Reitz katika nguo zao za kijivu, kwa kuwa bado ni wadogo kuoa, na safari ni ndefu. Basi hata mwezi wa Juni utawakuta. Na ukipanda mpaka mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, mwezi wa Agosti, utakuta zamu nyingine kabisa: ndege wembamba wa kahawia, wenye mabawa kama ya mbayuwayu, kwa maelfu, wakiwinda wadudu hewani. Hao wametoka Madagaska, mahali pekee wanapozaliana, wakikimbia baridi ya upande wa kusini.