Helikopta Isiyosogea Kiooni Ndiyo ya Kuogopa

"Marubani wawili, mchana kweupe, wanakosaje kuonana?" Swali hili hunijia kila helikopta zinapogongana, na wanaoniuliza ni watu makini. Wanaonichosha ni wenye majibu tayari: kafara, hujuma, mkono wa mtu. Nyuma yao hufuata wachuuzi wa matone ya kunoa macho, wakidai kwamba rubani mwenye macho makali hawezi kugongana na mwenzake. Huo ni uongo, tena uongo unaoua, kwa sababu unatufanya tulaumu macho na kusahau mambo yanayoweza kurekebishwa.

Tazama yaliyotokea Flagstaff, Arizona. Alasiri ya tarehe 29 Juni 2008, helikopta mbili aina ya Bell 407 zilikuwa zinapeleka wagonjwa kwenye hospitali moja, Flagstaff Medical Center. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huipunguzia helikopta nguvu. Kwa hiyo moja ilipitia kwanza uwanja wa ndege ikamshusha mhudumu mmoja ili ipunguze uzito. Baada ya hapo zikagongana karibu na hospitali. Wote saba waliokuwa ndani walipoteza maisha, wakiwemo wagonjwa wawili. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilihitimisha kwamba marubani hawakuonana wakaepukana. Ikaongeza kwamba mmoja hakufuata njia iliyoelekezwa ya kuingilia, na mwingine hakufuata utaratibu wa mawasiliano.

Kwa nini hawakuonana? Vyombo viwili vikienda kwa mwendo usiobadilika kuelekea mahali pamoja, na vikawa vitafika wakati mmoja, basi pembe ambayo rubani anamwonea mwenzake haibadiliki hata kidogo. Helikopta itakayokupita mbele au nyuma utaiona inatambaa kiooni. Itakayokugonga imeganda palepale. Na jicho, kwa vitu vilivyo pembeni mwa upeo wake, hushtuliwa na mwendo kuliko umbo; kilichotulia hulipita. Kibaya zaidi, kama helikopta hiyo imejificha nyuma ya fremu ya dirisha, itaendelea kujificha hapo hapo mpaka dakika ya mwisho.

Sasa piga hesabu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani hukadiria kwamba tangu rubani kukiona kitu hadi chombo chake kuanza kukwepa hupita sekunde 12.5. Tano kati ya hizo ni za kutambua kwamba mnaelekea kugongana, na nne ni za kuamua ufanye nini. Helikopta mbili zikikabiliana, kila moja kwa kilomita 110 kwa saa, sekunde 12.5 kabla ya kugongana zinaachana kwa mita 760 hivi. Kwa umbali huo, kiwiliwili cha helikopta chenye upana wa mita mbili kinaonekana kama punje moja ya ulezi uliyoishika kwa mkono ulionyooshwa. Umbali ukipungua nusu, upana huo unaongezeka maradufu tu. Ukuaji wa kushtua huja katika sekunde chache za mwisho, wakati muda wa kukwepa umeshakwisha. Weka nyuma ya punje hiyo mapaa, miti na magari ya mji, kisha uniambie tone gani la macho litasaidia.

Wengine hunijibu kwamba anga ni kubwa. Ni kubwa, ila kiwanja cha kutua hospitalini ni kimoja, na njia zote huishia hapo. Au husema mnara unaona kila kitu. Viwanja vingi vya hospitali havina mnara, na hata penye mnara ajali hutokea: tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria iliyotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, iligongana na Cessna ya mafunzo, na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki. Vifaa navyo vina mipaka. Ule mfumo wa ndege kubwa unaomwamuru rubani apande au ashuke huacha kutoa amri hizo chini ya futi 1,000 hivi, na huko chini ndiko helikopta za wagonjwa zinakofanyia kazi. Lakini kifaa cha kutangaza mahali ulipo kila sekunde, na skrini ya kuwaona wengine, vinasaidia sana, na sioni sababu ya helikopta ya wagonjwa kuruka bila hivyo.

Kwa hospitali, kwa kifupi: masafa mamoja ya redio kwa kampuni zote, njia za kuingilia na kutokea ziandikwe na zifuatwe, rubani ajitangaze mapema, na asiposikia jibu asidhani yuko peke yake; mmoja akitua, mwingine asubiri mbali. Muuguzi aliyekaa dirishani mwa helikopta naye atazame nje, na akiona chombo aseme hapo hapo. Na wewe uliyeita helikopta ikachelewa, ukaita ya kampuni nyingine, ziambie kampuni zote mbili, maana helikopta zao huenda zikaja pamoja bila kujuana.