Kesho Haikai Kichwani

Kuna swali ambalo semina za kujiendeleza haziishi bila kuliuliza: unajiona wapi baada ya miaka mitano? Ukumbi wa hoteli unanyamaza, kalamu za bure zinatembea juu ya karatasi za bure, na katika dakika kumi waliolipa kiingilio wameshamiliki maghorofa, mashamba ya parachichi na malori ya kwenda Lubumbashi. Mhamasishaji anawapongeza kwa maono yao. Ni biashara halali na sina ugomvi nayo. Ila imejengwa juu ya imani moja inayostahili kupimwa, kwamba kutazama mbele ni kazi ya kichwa, na aliyekwama amekwama kwa kuwa hajaiona kesho yake vya kutosha.

Wapo walioipima. Mwaka 2002 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wanaanza kutafuta kazi. Waliozoea kujichorea picha tamu za ajira walituma maombi machache, wakapata kazi chache, na baada ya miaka miwili mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao. Kumbe anayefaidi sana matunda ya kazi akiwa amejilaza kitandani hana haraka ya kuamka kwenda kuitafuta. Waliofanya vizuri ni wale waliotarajia kufanikiwa, na watafiti hao hawachanganyi matarajio na ndoto, kwa sababu matarajio hutokana na yale ambayo mtu ameshayafanya. Matarajio yana risiti.

Hukumu ya upande wa pili ni ya zamani zaidi, na kwetu inauma kidogo. Mwaka 1969 mwanateolojia John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika katika kitabu chake African Religions and Philosophy kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati uliopita ni mrefu sana, uliopo upo, na ujao karibu haupo. Ukienda mbali hauvuki miaka miwili. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa njeo za vitenzi vya lugha kama Kikamba. Wengi walimpinga, akiwamo mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana. Hata mzee wa Pwani ambaye hajawahi kusikia habari za njeo angeweza kumpinga kwa kumwonyesha mche wa mnazi, ambao hausubiriwi kwa chini ya miaka mitano, sita. Mbiti mwenyewe aliketi na Kigiriki akalitafsiri Agano Jipya lote kwa Kikamba, likachapishwa mwaka 2014, yeye akiwa amepita umri wa miaka themanini. Kwa mtu aliyesema hatuna wakati ujao, ni subira ya kutosha.

Mhamasishaji na mwanateolojia hawafanani kwa lolote, lakini wote wawili wanauchukua wakati ujao kama kitu kilichomo, au kisichomo, ndani ya mtu. Hapo ndipo ninapoachana nao, na sababu zangu zinatoka Busia, magharibi mwa Kenya.

Huko Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi kwa miaka kadhaa na wakulima wa mahindi. Mashamba ya majaribio, tena kwenye ardhi ya wakulima wenyewe, yalionyesha kwamba mbolea ya kukuzia ikitiwa kwa kipimo kidogo, nusu kijiko cha chai kila shimo, inarudisha pesa yake na faida juu. Wakulima walioshiriki waliona kwa macho yao. Walipoulizwa kama wangeitumia msimu unaofuata, asilimia 97.7 walisema ndiyo. Kwa kipimo cha semina huo ni ushindi wa kishindo. Msimu ulipofika, waliotia mbolea walikuwa asilimia 36.8.

Ni rahisi kusema walidanganya, au ni wavivu, au hawana mtazamo wa maendeleo, na kila ofisa kilimo anazo sentensi za namna hiyo mfukoni. Lakini fuata njia ya pesa ya mkulima. Siku ya mavuno anazo. Kati ya siku hiyo na siku mahindi mapya yanapofika magotini pana miezi kadhaa, na kila mwezi una mdomo wake. Kuna karo, kuna msiba wa upande wa mke, kuna bati lililong'olewa na upepo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la kipuuzi. Mbolea inauzwa mjini na mjini kuna nauli, kwa hiyo safari inasogezwa hadi wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika haina pesa.

Watafiti hawakuleta mahubiri. Walileta mpango walioupa jina la SAFI. Mara tu baada ya mavuno, mtu anafika nyumbani kwa mkulima na kumuuzia vocha ya mbolea kwa bei ileile ya dukani. Mbolea yenyewe italetwa bure siku itakapohitajika. Ofa ni ya siku chache. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa asilimia 47 hadi 70. Wakulima wengine walipewa nafasi baadaye, msimu ukiwa umekaribia, kwa punguzo la nusu bei na kuletewa bure juu yake, na bado punguzo hilo halikufanya vizuri zaidi kuliko ile nauli iliyookolewa wakati wa mavuno. Mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa namna hii. Wakulima wa Busia walipata mahindi.

Ninachojifunza hapo ni kwamba hakuna aliyebadilishwa moyo. Mkulima wa asilimia 97.7 na mkulima wa asilimia 36.8 ni mtu yuleyule, na ana akili ileile. Kilichobadilika ni siku ya kuamua. Kutazama mbele kukawa jambo la kufanya mara moja, katika saa ambayo mtu ana uwezo, na likishafanyika halimhitaji tena awe shujaa kila asubuhi. Mwenye mshahara ana mavuno yake kila mwezi, na saa chache baada ya mavuno hayo anakuwa mtu mwenye busara sana. Agizo la kukata akiba, ada ya kozi, tiketi ya basi ya kwenda kuliona shamba, yote yana nafasi yake hapo. Tarehe kumi na tano yatakuwa ndoto tena.

Hata hivyo, siku nzuri peke yake haitoshi. Ile vocha ilikuwa karatasi, na mkulima aliyeinunua aliamini kwamba mbolea italetwa kweli. Mwaka 2013, mjini Rochester nchini Marekani, Celeste Kidd na wenzake walirudia lile jaribio maarufu la peremende, ambalo mtoto huambiwa kwamba asipoila moja iliyo mbele yake ataongezwa ya pili. Safari hii watoto waliahidiwa kwanza vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine waliambiwa samahani, kumbe havipo. Ndipo peremende zikawekwa mezani. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12, waliovunjiwa dakika 3. Kwa miaka mingi mtoto asiyesubiri alihesabiwa kuwa na udhaifu wa nia. Labda alikuwa na kumbukumbu nzuri tu.

Pemba imelipitia jaribio hilo kwa kipimo cha kisiwa kizima. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na huishi kuliko aliyeupanda. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja watu walipanda upya, na Pemba, iliyosalimika, ikawa ndiyo mzalishaji mkuu. Huo ni mtazamo wa mbele ambao hakuna aliyeufundisha ukumbini. Karne moja baadaye serikali ilikuwa mnunuzi pekee, na kwa miaka mingi sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo. Miti iliyozeeka haikupewa warithi, na karafuu nyingi zikavushwa kwa magendo kwenda Kenya. Wajukuu wa wale waliopanda walikuwa wamepiga hesabu zao vizuri.

Ndiyo maana nayaheshimu maboma ambayo hayajaisha, yale ya pembezoni mwa miji yetu, yenye magugu sebuleni na nondo zilizoachwa wazi kusubiri ghorofa. Wapangaji wa miji huyaona kero. Mimi naona akiba. Pesa iliyogeuzwa tofali haipunguzwi thamani na tangazo la jioni, na sijawahi kusikia shemeji aliyepiga simu usiku kuazima tofali mia mbili za kulipia hospitali.

Shemeji huyo si mzaha. Pascaline Dupas na Robinson, tena magharibi mwa Kenya, waliwagawia wanachama wa vyama vya kuweka na kuzungushiana pesa kisanduku chenye kufuli na ufunguo wake, kibubu hasa, wakawaambia waweke akiba ya afya. Ripoti yao ya mwaka 2013 inasema akiba hiyo iliongezeka kwa asilimia 66, kwa kuwa na mahali salama pa kuiweka basi. Kuibandika pesa jina la kazi moja, isiyoruhusiwa kwenda kwingine, kuliwafaa zaidi wale wanaoombwaombwa na ndugu na marafiki. Haishangazi. Kumwambia ndugu "sina" huku unazo ni dhambi na ni uchovu. Kumwambia "zimefungwa" ni taarifa.

Chama chenyewe pia kilionyesha nguvu kubwa, na nadhani sababu yake ndiyo iliyokosekana Pemba: ahadi inatunzwa na watu unaowafahamu, wanaokuona sokoni na watakaouliza kwa nini Jumamosi hukufika. Kufahamiana huko kuna gharama zake, ukiwamo umbea. Lakini watu hawa hawaaminiani kijinga. Sanduku la kikundi cha akiba kijijini kwa kawaida lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti, maana kila mmoja wao anajua Januari inavyomgeuza mtu mwema.