Upepo wa bahari haujazi ukumbi

Januari 27 na 28, mwaka 2025, marais na mawaziri wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia umeme, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Baadhi ya barabara za katikati ya jiji zilifungwa. Kwa mwenye hoteli hizo ni siku za mavuno. Kwa mwenye duka katika mtaa uliofungwa ni siku mbili za kupanga na kupangua bidhaa bila mteja.

Biashara ya mikutano ndivyo ilivyo. Haimwagi fedha mji mzima, inamwaga pale msafara unapopita. Kwa hiyo mwenye akiba anayetaka kuiweka katika vyumba, magari au chakula katika mji wa pwani hana budi kujua kwanza wanaochagua miji wanatazama nini. Wengi hudhani ni bahari. Bahari imo katika orodha, lakini iko chini.

Cha kwanza ni ndege. Mjumbe anayebadili ndege mara mbili hupoteza siku nzima kwenda na nyingine kurudi, na siku hizo mwajiri wake anazilipia. Kisha ukumbi wenye viti vya kutosha pamoja na vyumba vidogo vya vikao vya pembeni. Kisha vitanda, tena vya karibu. Mwandaaji wa mkutano wa watu 600 hapendi kuwatawanya katika hoteli kumi na tano zilizo mbalimbali, hata kama zote zinatazama maji.

Durban walilisoma somo hili mapema. Kituo chao cha mikutano, mali ya manispaa, kilifunguliwa na Rais Nelson Mandela mwaka 1997, na hoteli kubwa ikasimama jirani yake. Hakikujengwa mchangani. Kiko mjini, na ufukwe si mbali kwa anayetaka kupunga upepo jioni. Tangu hapo mji umepokea mkutano wa dunia wa UKIMWI mwaka 2000, mkutano wa tabianchi mwaka 2011 na wakuu wa BRICS Machi 2013. Xi Jinping alifika kwenye kikao hicho cha BRICS baada ya kupitia Dar es Salaam, ambako alikuwa amehutubia katika kituo cha Julius Nyerere kilichojengwa kwa msaada wa China.

Lakini mwenye fedha aangalie pia tarehe. Mkutano wa UKIMWI ulirudi Durban mwaka 2016, yaani baada ya miaka 16. Mikutano ya jumuiya za kitaaluma huzunguka. ICCA, jumuiya ya kimataifa ya wenye biashara hii, haiuhesabu mkutano mpaka uwe na washiriki wasiopungua 50 na uwe unazunguka katika nchi zisizopungua tatu. Anayekopa benki kwa kutegemea mkutano mmoja mkubwa anakopa kwa mgeni asiyejulikana atarudi lini.

Na maji yana gharama yake. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua zaidi ya watu 400 katika eneo la Durban, yakaharibu mitambo ya majitaka, na fukwe zikafungwa kwa uchafu. Ukumbi ulibaki umesimama, ila kile kilichokuwa kikiuzwa kwenye picha hakikuwapo.

Mombasa ina fukwe ambazo Durban ingezionea wivu. Hata hivyo, Kenya ilipoitisha mkutano wa dunia wa uchumi wa bahari Novemba 2018, wajumbe walikwenda Nairobi, jiji lisilo na bahari. Nairobi ndiko kwenye ndege, mabalozi, ofisi za Umoja wa Mataifa na ukumbi wa KICC. Mombasa uwanja wa ndege uko bara upande wa magharibi, hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu ziko kaskazini, na katikati kuna kisiwa chenye msongamano wake.

Hiyo haina maana kwamba Mombasa haina soko. Soko lake ni la ndani: wahasibu, mawakili, mashirika na idara za serikali, ambao hutoka bara kwenda Pwani wakati watalii wa Ulaya ni wachache na vyumba viko wazi. Si soko la kupigiwa ving'ora, lakini mwenye nyumba ya wageni hulala vizuri zaidi kwa wageni wanaorudi kila mwaka kuliko kwa marais wa siku mbili.

Dar es Salaam iko katikati ya hao wawili. Kituo cha Nyerere kiko mahali ambapo mjumbe anaweza kutoka hoteli kadhaa za mjini kwa miguu. Jengo la tatu la abiria uwanja wa ndege lilifunguliwa mwaka 2019, na daraja la Tanzanite la mwaka 2022 limewasogeza mjini wanaolala Masaki. Mvua za masika zikija, Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro hukatika. Mwandaaji makini huepuka miezi hiyo, na mwenye hoteli hupunguza bei.

Sasa hesabu. Wajumbe 600 kwa siku tatu ni vyumba 1,800 vya usiku mmoja na sahani 1,800 za mchana. Wakilala mbali na ukumbi, ni safari 20 za basi la abiria 30 kila asubuhi na 20 kila jioni. Wakilala jirani, mwenye mabasi hubaki na safari za uwanja wa ndege tu. Sifa inayoupa mji mkutano ndiyo inayomnyima yeye kazi, jambo ambalo wanaonunua Coaster kwa mkopo huligundua wakiwa wamechelewa.

Anayepika ana shaka nyingine. Mchele, kuku na gesi hununuliwa kwa fedha taslimu wiki ile ile, ilhali mteja, hasa akiwa ofisi ya umma, hutoa hati ya kuagiza na kulipa baada ya miezi miwili au mitatu. Kabla ya kukubali sahani 600, aulize malipo ya awali ni kiasi gani na yataingia benki siku gani.